Gari Lililokunywa Hewa

Juzi jenereta ya nyumbani iliishiwa mafuta, nikachukua kipande cha mpira nikavuta mazutu, yaani dizeli, kwa mdomo kutoka kwenye pipa, kama tulivyofanya sote zamani kabla hatujajifanya wastaarabu. Nilichelewa kuutoa mdomo. Mazutu ikanijaa kinywani, na ile ladha yake chungu, inayokaa nyuma ya meno hata ukisukutua kwa chumvi, ikanirudisha uani kwetu Butembo. Nikajiona tena mtoto wa miguu myembamba, nimechutama nyuma ya gari la Papa, baba yangu, ninalipuliza kwa nguvu zangu zote.

Gari lenyewe tuliliita jeep, kama tulivyoita gari lolote la zamani ambalo magurudumu yote manne huvuta. Lilikuwa la kijani enzi fulani ambayo sikuikuta. Mlango wa kushoto ulifungwa kwa kamba ya katani, na kiti cha mbele kilinuka vitunguu hata siku ambazo hakikubeba vitunguu. Papa alilitumia kuleta viazi na kabichi kutoka Kirumba. Mvua ikinyesha, barabara ikageuka uji, malori makubwa yalilala usingizi katikati ya njia na madereva wao wakachoma mahindi. Gari letu lilipita pembeni polepole, kama mtu anayetafuta kitu alichokiangusha. Nililipenda kwa majivuno ambayo leo ningemkanya mtoto wangu asiwe nayo.

Papa alikuwa dereva na mpakiaji na fundi wake mwenyewe. Akirudi safari alifungua kapoti, kile kifuniko cha injini, na Mama akasimama kando yake akimpa funguo za nati, hii na ile, akishika kitambaa, akimwinua kuku aliyekuja kuchungulia na kumtupa mbali. Machoni pangu Mama alikuwa kama mtumishi wa altare anayempa padri divai. Padri ni padri, na mtumishi ni mtumishi. Hivyo ndivyo nilivyoielewa kazi yao, na hakuna aliyenisahihisha kwa sababu sikumuuliza mtu.

Kisha Papa akaugua kifua. Nyumba yetu ilikuwa kwenye mwinuko, na ikawa akipanda anasimama katikati ya njia, mkono kiunoni, akijifanya anautazama mji. Alikohoa asubuhi, akakohoa akila, akakohoa akicheka, mpaka akaacha kucheka. Alifariki wakati viazi vilipokuwa bado ardhini. Waliofiwa na baba wakiwa wadogo hawahitaji niwaeleze, na wengine sitaweza kuwaeleza.

Siku hizo hizo gari nalo likaanza kukohoa. Mama alikuwa amefundishwa kuendesha kule Rughenda, kando ya uwanja wa ndege, siku za Jumapili, Papa akishikilia dashibodi na kumwomba Bikira Maria kwa sauti kubwa ili amchekeshe. Baada ya mazishi alijaribu kwenda Kirumba, nami nikiwa pembeni yake. Kwenye mpando wa kwanza gari lilikohoa, likatetemeka, likazima. Mama alifungua kapoti, akapiga ile pampu ndogo ya mkono iliyo juu ya chujio la mafuta, likawaka. Tukasogea kidogo, likakata pumzi tena. Tulirudi nyumbani kwa mteremko, injini kimya, watu wakitupisha kwa heshima kama vile tumebeba marehemu.

Mimi nilikuwa na hakika na ugonjwa wake. Papa alikuwa amekohoa ndani ya gari lile kila siku, na sasa alikuwa ameliambukiza. Nikawa ninanawa mikono kila nikiligusa. Sikusema, maana niliona wazi kwamba atakayefuata ni yule anayeshika usukani, na huyo alikuwa Mama.

Juu ya hayo kulikuwa na jambo la ukoo. Kwetu mume akifa, mjane hajui kipi ni chake mpaka siku ya kumaliza matanga, wajumbe wa ukoo wanapokuja kutamka. Wanatamka kabla ya kula. Chakula kikishaliwa, neno lililotamkwa halirudi tena, hata kama mtu atajuta njiani. Wajumbe wetu walikuwa wawili: Papa Mukubwa Mumbere, kaka mkubwa wa Papa, aliyekuwa na biashara ya kakao huko Bungulu, Beni, na Shangazi, dada yao, ambaye sote tulimwita Tante, na ambaye sauti yake ilitosha kwa wanaume watatu na ikabaki. Shangazi alikuwa amekwisha kusema palepale makaburini, bila kungoja udongo ukauke. Gari likiwa linatembea, litakwenda Beni kubeba kakao ya ukoo. Likiwa limekufa, mjane abaki nalo, afugie kuku. Mama alisikia akiwa ameinamisha kichwa chake kilichonyolewa. Bila gari tungekuwa watu wa kubeba viazi mgongoni, kamba kwenye paji la uso, na shule yangu ingeishia pale ilipofika.

Nilidhani basi Mama ataliacha lilale mpaka wageni waje waondoke. Kesho yake nikamkuta amefunga kitenge kiunoni na kapoti iko wazi.

"Mama, tuiache tu," nilimwambia. "Ikipona, Tante ataikamata."

"Na kama imekufa ya kweli, nitagombana na batu juu ya chuma? Nataka nijue kwanza. Leta funguo, ile ndogo."

Akaanza kutafuta. Alifungua chujio, akamwaga mafuta kwenye bakuli jeupe ayaone kama yana maji. Hayakuwa na maji. Akaondoa kifuniko cha tangi, akaendesha bila kifuniko kuzunguka mtaa, maana tangi lisilopumua nalo huzimisha injini. Likazima vilevile. Aliondoa sababu moja baada ya nyingine kama mtu anayechambua maharage, na kila aliyoitupa hakuirudia. Nilimtazama kwa wasiwasi. Mtumishi wa altare alikuwa anasoma misa.

Siku moja uvumilivu ukanishinda. "Mama, iko na kifua ya Papa?"

Aliacha kazi. "Nani alikuambia?"

"Iko nakohoa sawa yeye."

Alikaa juu ya tairi la akiba, akanivuta mbele yake. Mikono yake ilikuwa myeusi mpaka viwikoni. "Masika, sikiya muzuri. Mutuka haina mapafu. Haiwezi kukamata ile ugonjwa, na weye hauwezi, na miye siwezi. Papa yako alikosa hewa. Hii iko na hewa mingi. Inakunywa hewa pa nafasi ya mazutu, njo maana inazimaka. Kuko katobo fulani pa tuyau, pa ile bomba ya mazutu, hatukaone."

Ningepaswa kufarijika. Badala yake nililichukia gari kwa moyo wangu wote. Papa alikuwa ameitafuta hewa mpaka mishipa ya shingo ikamsimama, na chuma hiki kilikuwa kinaiiba bila kuihitaji! Nililipiga teke, nikaumia kidole, na Mama hakunikaripia.

Asubuhi ya siku ya wajumbe, mapema, aliniita nyuma ya gari. Alikuwa amechomeka mpira kwenye mdomo wa tangi na kuuziba pembeni kwa kitambaa kilicholowa. Mkononi alikuwa na kopo la povu la sabuni.

"Utapuliza. Pale injini inavuta hewa kuingia, ukisukuma, mazutu itatoka inje. Tobo ni moja tu. Miye nitakuwa chini, naangalia."

"Ni Papa alikufundisha?"

Alicheka kidogo, puani. "Papa yako? Ni miye nilikuwaka napuliza. Yeye hakukuwaka na pumzi ya kutosha, hata mbele ya ugonjwa. Nilikuwa na mimba yako, napuliza hii mutuka pa barabara ya Lubero, malori inapita, bashoferi banacheka. Bon, puliza."

Nikapuliza. Mazutu iliyokuwa imebaki ndani ya mpira ikanipaka midomo, na harufu yake ikapanda mpaka machoni. Mama alikuwa amelala chali chini ya gari, akipaka povu kwenye mabomba, miguu yake tu ikionekana. "Ongeza! Usilegeze! Ongeza, Masika!" Masikio yalianza kunipigia kengele. Nilifikiri juu ya Papa aliyesimama njiani akiutazama mji, na nikapuliza kwa ajili yake, kana kwamba pumzi inaweza kutumwa. Kisha nikasikia kutoka chini: "Voilà. Njoo uone."

Niliingia chini kwa tumbo. Mahali ambapo mpira ulikutana na bomba la chuma, chini ya sakafu ya dereva, ndani ya povu jeupe, tone moja la mazutu lilikuwa limening'inia likiwa na kiputo kidogo juu yake. Ufa wenyewe ulikuwa mfupi kuliko ukucha wangu. "Hii tu?" niliuliza. "Hii tu," Mama alisema, na tukabaki tumelala pale tukiutazama. Najua alichokuwa anafikiri kwa sababu nami nilikuwa ninakifikiri: kwamba kwa Papa hakuna aliyewahi kutuonyesha mahali, akasema, ni hapa.

Alikata mpira wa ndani wa baiskeli kuwa ukanda, akauzungushia ufa kwa kuuvuta sana, akaufunga kwa waya. Akalegeza skrubu ndogo iliyo juu ya chujio, nami nikapiga pampu, na mapovu yakatoka, yakatoka, yakaanza kupungua, mpaka mazutu ikatoka safi bila povu. Akakaza. Akawasha. Gari liliunguruma kwa sauti yake ya zamani, na kuku wote wakakimbilia kwa jirani.

"Tuijaribu," Mama alisema. Tulikwenda mpaka Rughenda kwa njia yenye mpando mbaya kuliko yote. Alikanyaga mafuta mpaka chini. Hakuna kukohoa, hakuna kutetemeka. Kufika juu alipiga honi bila sababu, akacheka kwa sauti, kwa mara ya kwanza tangu msiba. Nikajua kwamba gari liko hai, na kwamba sasa tumepata kitu cha kupoteza.

Tulikuwa ndio kwanza tumezima uani wakati jirani yetu alipopaza sauti juu ya ua. "Mama Masika! Bageni ba Beni bako chini pale, banashuka pa moto!"

Walitarajiwa mchana, na pikipiki iliyowaleta tayari ilikuwa chini ya mwinuko wetu. Mama alirudi mbele ya gari mbio. Alifungua kapoti, akachomoa mpira unaoleta mazutu kutoka tangini, akalegeza ile skrubu juu ya chujio, akapiga pampu, mazutu ikarukia nje ardhini, akaendelea mpaka ndani hakukubaki ila hewa, akaurudisha mpira, akakaza. Kila kitu kilichotuchukua siku nyingi kukitoa alikirudisha kwa muda wa kusema Baba Yetu. Akamwaga majivu juu ya mazutu iliyomwagika, akalitupia gari turubai, akaenda mlangoni akijifuta mikono.

Papa Mukubwa Mumbere alikuwa mtu mrefu, mkimya, mwenye koti la kijivu lililokaa begani kama limeazimwa. Nilimwogopa. Katika akili yangu yeye ndiye aliyelitaka gari, na ukimya wake niliuhesabu kuwa hila. Shangazi alikaa kwenye kiti kilicholetwa uani, mkoba mapajani.

"Tuanze na mutuka," alisema. "Chakula itangoja. Mama Masika, inatembeya?"

"Muiangalie ninyi benyewe, Tante," Mama alijibu, macho chini. Hakusema uongo, na hakusema kweli.

Papa Mukubwa aliondoa turubai, akaingia, akazungusha ufunguo. Gari likalia wi-wi-wi, wi-wi-wi, bila kushika.  Alijaribu tena na tena. Akashuka, akafungua kapoti, akainama kutazama, na ili asianguke akaegemeza kiganja chote cha mkono wa kulia juu ya injini.

Akabaki hivyo, ameinama. Niliona taya lake linakaza. Niliona macho yake yanatoka kwenye injini, yanakuja kwangu, na kutua kwenye mdomo wangu. Ndipo nilipokumbuka kwamba sikuwa nimenawa.

"Masika," alisema taratibu, "iko nini pa kinywa yako?"

Nilimtafuta Mama kwa macho. Alikuwa amefumba macho. "Mazutu," nikasema.

"Mazutu," alirudia. Kwa mkono wa kushoto alitoa leso mfukoni akanipa. "Panguza. Batoto banachezaka na kila kintu."

"Mumbere, inasema nini?" Shangazi aliuliza kutoka kwenye kiti.

"Imekufa, Tante."

"Kabisa? Angalia muzuri!"

"Njo nimeangalia. Imekufa sawa mwenyewe. Mama wa batoto abakiye nayo. Nimesema."

Shangazi alinung'unika juu ya ndugu wanaokufa na magari yao, lakini alikuwa ametoka Beni bila kutia kitu tumboni, na harufu ya sombe, kisamvu cha kwetu, ilikuwa imemfikia. Tukaingia ndani. Mama alileta bakuli la kunawia, akaanzia kwa Papa Mukubwa kama ilivyo desturi. Yeye akatikisa kichwa, mkono wa kulia ndani ya mfuko wa koti, akaomba kijiko.

"Kijiko kwa bugali?" Shangazi alipaza sauti. "Na mukono ya kushoto! Beni imekugeuza muzungu?"

"Kidogo," alijibu, akala kwa kijiko, vibaya, bugali likimwangukia magotini. Nilimtazama nikamdharau. Hajui injini, na hajui kula.

Walipoondoka nilicheka mpaka nikakaa chini. "Mama, hajuake kintu! Aliigusa, lakini hakujua!" Nikaigiza alivyoinama, nikaigiza kijiko. Mama alikuwa anakisugua kijiko hicho kwa majivu, muda mrefu kuliko kilivyohitaji, na hakucheka. Nilidhani amechoka.

Kwa hiyo gari likabaki letu. Mama aliliacha chini ya turubai kwa muda wa adabu, kisha akalitoa hewa likaenda kazini. Shangazi alipolikuta Kirumba limesheheni viazi inasemekana alifanya ishara ya msalaba, lakini chakula kilikuwa kimeliwa, na neno halirudi. Mimi niliendelea na shule. Na kwa miaka mingi, mtu asipoona kilicho mbele ya pua yake, nilimwita Mumbere wa Beni. Mama alinikataza, na sikuelewa kwa nini jambo dogo hivyo limkasirishe.

Kisha zikaja zile siku ambazo watu wa Beni walikuwa wanazikimbia nyumba zao kwa sababu ya vita. Nilikuwa nimeanza sekondari. Habari ilifika kwamba mtaa wa Papa Mukubwa huko Bungulu umehamwa, na hakuna anayejua wamelala wapi. Mama alikuwa amekwisha pakia viazi. Alivishusha vyote.

"Juu ya nini weye?" nilimuuliza. "Si alikuja kutunyanganya?"

"Ingia," alisema.

Tuliwakuta kando ya barabara pamoja na watu wengine wengi, magodoro vichwani, mbuzi wakivutwa. Papa Mukubwa alikuwa amezeeka. Mkewe alikuwa amembeba mjukuu, na wale watoto wengine walikuwa wamekaa juu ya godoro lao wakitazama chini. Gari liliposimama, Papa Mukubwa alilitazama muda mrefu kabla ya kumtazama Mama.  Tuliwapandisha nyuma na vitu vyao, na yeye akakaa mbele, nikiwa nimebanwa katikati.

Tukaanza kupanda. Gari lilikuwa limelemewa, lakini lilivuta bila kukohoa, na vumbi likaingia kwa ule mlango usiofungika. Tulipokuwa karibu na kilele Papa Mukubwa alisema, macho yake barabarani: "Maiti inapanda mulima muzuri."

Nilimtazama Mama. Mikono yake ilikuwa imekaza usukani.

"Ile siku nilitaka kulia," Papa Mukubwa aliendelea. "Nilifikiri iko baridi, nikaweka mukono muzima. Nikaona kinywa ya uyu mutoto. Nikameza." Alifungua kiganja cha kulia juu ya goti lake, na katikati yake ngozi ilikuwa laini, ya kung'aa, isiyo na mistari. "Pa nyumba niliambia bibi yangu nilishika sufuria."

Nilikitazama kiganja hicho, na aibu ikanijaa mpaka masikioni, na chini ya aibu kulikuwa na furaha ambayo sikuijua jina.

Mama aliteremsha gia. Alipozungumza, alizungumza kwa upole, kama mtu anayelipokea jambo alilolitazamia kwa miaka.

"Nilikuona na kijiko, shemeki."